Mpangaji wa Simu Yake Mwenyewe

Chuoni mtu akiuza Android yake na kununua iPhone iliyokwisha kutumika, wenzake humwambia amepanda daraja. Humpongeza kana kwamba amepata kazi. Mimi nasema ameshuka, tena kwa gharama kubwa, na ninawashauri wenzangu wenye iPhone wafunge safari ya kinyume: wahamie simu ambayo watakuwa na amri juu yake. Najua baadhi ya walimu wetu watauliza insha ya namna hii inatafuta nini katika mkusanyiko wa wanafunzi wa Kiswahili. Nawaomba wanivumilie kidogo. Lugha yetu imo katika hoja hii, na imo kwa kina kuliko inavyodhaniwa.

Nianze na neno "yangu". Mtu hushika iPhone akasema "simu yangu". Ameilipia na risiti anayo. Lakini programu zipi ziingie ndani ya simu hiyo haamui yeye. Inaamua kampuni ya Apple, kupitia duka lake moja, App Store, lililofunguliwa mwaka 2008. Programu isiyokubaliwa dukani haiingii. Hata kivinjari unachoweka, kiwe kimeitwa Chrome au Firefox, kwa ndani kinaendeshwa na injini ya Apple yenyewe, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi imeilazimisha kampuni kulegeza. Mtu anayekaa katika nyumba asiyoruhusiwa kupigilia msumari ukutani tunamwita mpangaji. Tofauti ni kwamba mpangaji wa Wandegeya hulipa kodi ya mwezi, na huyu wa iPhone amelipa bei ya nyumba nzima.

Tazama kwanza mambo madogo. Mwaka 2009 mwenye Android aliweza kutandaza kalenda, saa au hali ya hewa juu ya skrini yake ya kwanza, popote alipopenda. Mwenye iPhone alisubiri hadi 2020, na ni mwaka huohuo alipopewa ruhusa ya kuchagua kivinjari kingine kiwe ndicho kinachofungua viungo vyake. Kuweka ikoni mahali popote na kuacha nafasi tupu katikati ya skrini kuliruhusiwa mwaka 2024. Miaka kumi na saba baada ya iPhone ya kwanza ndipo mwenye simu akaruhusiwa kuacha nafasi tupu, na mashabiki wakashangilia!

Wenzangu hunijibu kwamba hayo ni mapambo. Sawa, ni mapambo, ingawa mtu anayekuamulia mapambo hataishia hapo. Niyaache.

Jambo lenye uzito ni namna programu zinavyofika kwenye simu. Katika Android programu ni faili, tunaliita APK, na faili hilo linaweza kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth bila intaneti hata kidogo. Mwanafunzi mmoja mwenye bando anapakua kamusi ya bure mara moja, jioni hiyo chumba kizima kinayo, na kesho yake darasa zima. Kwa sisi tunaonunua bando la siku kwa siku, hilo ni tofauti kati ya kuwa na kamusi na kutokuwa nayo. Mwenye iPhone hawezi kupewa. Hata akae kitanda kimoja na mwenye kamusi, lazima aende dukani, aingie kwa akaunti yake, atumie data yake. Simu ya bei kubwa kuliko zote chumbani ndiyo pekee isiyoweza kupokea zawadi.

Kuna sura nyingine ya jambo hilihili, na sisi wa Uganda tunaifahamu kwa miili yetu. Tarehe 1 Julai 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Watu walijifunza neno VPN haraka kuliko walivyowahi kujifunza neno lolote la kompyuta. Hata mwendesha bodaboda alijua ipi ina kasi na ipi inakula bando. Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano, na iliporudi Facebook haikurudi nayo. Ikabaki imefungwa miaka iliyofuata, na watu wakaendelea kuizunguka kwa VPN zilezile.

Sisemi kwamba iPhone inakataa VPN. Inazikubali, maadamu ziko dukani. Ninachouliza ni nini hutokea siku ambayo duka litaambiwa liziondoe. Mfano tunao. Mwaka 2017 Apple iliondoa programu za VPN katika duka lake la China kwa kutii sheria za huko. Oktoba 2019 iliondoa ramani iliyowaonyesha watu wa Hong Kong mahali polisi walipo wakati wa maandamano, ikasema inatumiwa kuwadhuru polisi. Novemba 2022, majuma machache baada ya watu wa China kuanza kupeana maandishi ya kumpinga rais wao kwa AirDrop, njia hiyo ya kupokea kutoka kwa yeyote ikawekewa kikomo cha dakika kumi katika simu zinazouzwa huko, kisha kikomo kikaenezwa kwa simu za dunia nzima. Kampuni ina sababu zake na mawakili wake. Mimi naangalia upande wa mwenye simu: alilala akiwa na kifaa kinachofanya jambo fulani, akaamka kimebadilishwa, na hakuwa na la kufanya. Duka la Google nalo linaweza kupokea amri kama hiyo na kuitii. Lakini katika Android, duka likifungwa, faili bado linaweza kupita kwa mlango wa nyuma, mkono kwa mkono.

Na mtu asiniambie kwamba mlango wa nyuma hauwezekani katika iPhone kwa sababu za kiufundi. Machi 2024, kwa kulazimishwa na Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, Apple iliruhusu maduka mengine ya programu katika nchi za umoja huo. Simu ni ileile, imetengenezwa kiwandani kulekule. Mkazi wa Paris anaruhusiwa, mkazi wa Kampala haruhusiwi. Kwa miaka mingi tuliambiwa mlango umefungwa kwa usalama wetu. Kumbe usalama unategemea unakoishi, na wanaoishi kwetu hawana bunge la kuitisha kampuni hiyo mezani.

Sasa nifike nyumbani, kwenye Kiswahili.

Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Kwetu siku hiyo ina maana ya pekee, kwa sababu lugha hii imebebeshwa sifa mbaya hapa Uganda kwa muda mrefu, ikaitwa lugha ya askari na ya wezi, na tuliochagua kuisoma tumewahi kuulizwa nyumbani kama hatukupata kozi nyingine. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali iwe lugha rasmi. Tukafurahi. Tunavaa vitenge, tunaghani mashairi, mgeni rasmi anasema Kiswahili ni lugha ya Afrika ya kesho. Halafu tunatoa simu tupige picha, na simu zote, za wanafunzi na za walimu, zinasema Kiingereza.

Mwenye iPhone ana udhuru. Orodha ya lugha za mfumo mzima wa simu yake haina Kiswahili. Ina Kiswidi, ina Kinorwei, ina Kikroeshia, lugha ambazo wasemaji wake wote watatu wakijumlishwa hawafikii robo ya watu milioni 200 na zaidi ambao UNESCO inawahesabu kuwa wasemaji wa Kiswahili. Sina ugomvi na Wakroeshia. Nasema tu kwamba kampuni imepiga hesabu ya nani ana fedha, na sisi hatumo. Halafu mwanafunzi wa Kiswahili anaweka akiba mwaka mzima ili ainunue, ajisikie mtu.

Android ina Kiswahili tangu miaka mingi iliyopita. Mtu atasema hiyo nayo ni hisani ya kampuni nyingine kubwa, na ni kweli kwa sehemu. Lakini linalonivuta zaidi ni kwamba mfumo wenyewe msimbo wake uko wazi, na historia ya lugha yetu katika kompyuta inaonyesha maana ya jambo hilo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Uswidi katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili. Hawakumwandikia mtu barua ya kuomba kibali. Programu ilikuwa huria, kwa hiyo walichohitaji ni watu wanaokijua Kiswahili, istilahi, na subira ya kufasiri maelfu ya mistari. Microsoft ilikuja na Kiswahili chake baada ya hapo. Naomba walimu wetu wa istilahi waukumbushie mradi huo darasani mara nyingi zaidi. Palipo na mlango wazi, wanalugha walitangulia na kampuni ikafuata. Palipofungwa, wanalugha wamekaa nje wakisubiri kuhesabiwa.

Katika simu mlango huo unaonekana kwa mambo ya kawaida. Unaweza kubadilisha kibodi nzima ukaweka inayojua Kiswahili na Kiganda kwa pamoja. Unaweza kung'oa hata skrini ya kwanza na kuweka nyingine iliyoandikwa na mtu usiyemjua. Mwenzetu asiyeona anayetumia TalkBack anaweza kuchagua sauti ya kumsomea, na miongoni mwa hizo ipo ya programu huria, eSpeak, ambayo inasoma Kiswahili. Matamshi yake ni ya kikavu, kama karani aliyechoka, lakini anasoma.

Wapo wanaoniambia wamejaribu Kiswahili cha simu wakakikimbia kwa sababu ni kigumu. Huwa nawauliza kigumu wapi. "Mipangilio", "Arifa", "Ruhusa", "Usinisumbue": yupi kati yetu asiyeyaelewa maneno haya? Neno "Hali ya ndegeni" liliwahi kuzua ubishi mrefu hosteli kwetu, wengine wakisema kiambishi cha mahali hakikai hapo, hadi mmoja akauliza kama basi "kazi za nyumbani" nazo ni kosa. Ubishi wa namna hiyo ndio kazi tuliyoijia chuoni. Istilahi ikitukera, tunajua kasoro yake na tunaweza kuisema. Istilahi tusiyoiona kamwe hatuwezi hata kuikosoa.

Nigeukie wapinzani, maana wana hoja. Ya kwanza ni usalama. Wanasema mlango ukiwa wazi, na mwizi anapita, na hawasemi uongo. Jirani zetu wa Kenya wameyaona: programu za mikopo zilisoma majina yote kwenye simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa, wakapigiwa mjomba wake, bosi wake na mchungaji wake. Karibu yote hayo yalifanyika ndani ya Android. Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kufikia majina na picha za mtumiaji, na ilichelewa. Lakini tuangalie aibu hiyo ilipitia wapi. Programu iliomba ruhusa. Simu ikauliza: ruhusu au usiruhusu. Mkopaji akabonyeza bila kusoma, kwa haraka na kwa shida aliyokuwa nayo, na swali lenyewe liliandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu huipitisha macho tu. Ndiyo maana nasema suala la lugha na suala la amri juu ya simu ni suala moja. Ruhusa unayoielewa unaweza kuinyima.

Hoja ya pili ni kwamba iPhone hudumu na hupokea masasisho miaka mingi. Nakubali, katika hilo watengenezaji wengi wa Android wanapaswa kuona haya. Ila kumbukeni 2017, Apple ilipokiri kwamba masasisho hayohayo yalipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka bila wenyewe kuelezwa. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaarifu wateja. Walioathirika wengi walidhani simu imezeeka, wakanunua nyingine.

Hoja ya tatu ni heshima, kwamba iPhone mezani inamfanya mtu asikilizwe. Hii siijibu.

Wale watakaonisikia na kuhama ninawaonya kwamba Android si nchi ya ahadi. Simu nyingi za bei ya mwanafunzi huja zimejazwa programu ambazo hukuziomba na haziondoki kirahisi. Mwaka 2020 watafiti walikuta programu haribifu ndani ya simu mpya za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua; mtengenezaji alisema hitilafu ilitoka kwa mmoja wa wauzaji katika mnyororo wake. Wanaonunua simu kwa kulipa kidogo kidogo wanajua pia kwamba ukichelewa siku chache, skrini hufungwa ukiwa umeishika mkononi, na mfumo ni huohuo wa Android. Na Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu katika simu zilizoidhinishwa nayo zitatakiwa kutoka kwa waundaji waliosajili utambulisho wao kwake, hata zisipopitia duka lake, kuanzia Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingineko kuanzia 2027. Watu walipopiga kelele, ikasema itaacha njia kwa watumiaji wazoefu. Njia hiyo itakuwa pana au nyembamba kiasi gani, tutakuja kuipima wenyewe.

Kwa hiyo hoja yangu haikujengwa juu ya wema wa Google. Nauchagua mfumo ambao unaniruhusu kumhama hata Google. Msimbo wa msingi wa Android uko wazi kisheria, ndiyo sababu Huawei, ilipowekewa vikwazo na Marekani mwaka 2019 na kunyimwa huduma za Google, haikuacha kutengeneza simu. Lipo duka la F-Droid, la programu huria tupu, tangu 2010. Upo mfumo wa LineageOS, unaoweza kuipa uhai simu ambayo mtengenezaji ameitelekeza, ikiwa simu yenyewe ni ya aina inayokubali kufunguliwa. Uliza hilo kabla ya kununua, maana nyingi hazikubali. Siku mlango wa nyuma wa Android utakapozibwa kabisa, nitaandika insha nyingine, na sitaiandika kwa upole huu. Ila mlango huo unahitaji watumiaji. Mlango usiopitwa na mtu huzibwa bila kelele.

Kwa anayetaka kuhama, kazi yenyewe ni ya alasiri moja. Kabla hujaitoa laini katika iPhone, zima iMessage, la sivyo ujumbe wa wenzako wenye iPhone utaendelea kwenda kule ulikotoka. Mazungumzo ya WhatsApp huhamishwa kwa waya unaounganisha simu mbili, na njia rahisi ni kufanya hivyo wakati Android ni mpya au imerudishwa kama mpya, kwa hiyo usianze kuitumia halafu ukakumbuka baadaye. Pesa zako za simu zimo katika laini, hazihusiki. Ondoa Apple ID yako kabla ya kuuza, maana iPhone iliyobaki na akaunti ya mwenyewe wa kwanza ni tofali; maduka ya simu ya katikati ya Kampala yana matofali kama hayo, na waliouziwa wengine ni wanafunzi.

Ukishawasha simu yako mpya, swali la kwanza itakalokuuliza ni la lugha. Usikubali Kiingereza kwa mazoea. Na ninyi ambao mna Android tayari mfukoni, mnaosoma makala haya mkinipigia makofi, fungueni simu zenu mtazame zinasema lugha gani. Walimu wetu pia. Nenda sehemu ya mipangilio, kisha lugha, ushuke hadi herufi K.